Harufu Chini ya Kiti cha Nyuma

"Toa hilo bati lako mlangoni kwetu!"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza Evaresta kumwambia Sifaeli, na aliyatoa kwa sauti iliyovuka barabara. Jumamosi ya Ngarenaro haina pa kuweka mguu. Wachomeleaji wa mageti walikuwa wakirusha cheche upande huu, wauza mitumba wamemwaga marobota upande ule, malori ya saruji yanagombea njia na mikokoteni ya mkaa. Katikati ya vurugu hizo Datsun moja kuukuu, ya rangi ya maziwa ya mgando, ilipiga kwikwi, ikatetemeka, ikakata roho mbele kabisa ya duka la spea la Ludovick. Honi zikalipuka nyuma yake.

Mwenye gari alishuka bila haraka. Alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, shati lake la drafti limepigwa pasi mpaka mikono, kwapani amebana chupa ya maji. Akafungua boneti, akalowesha kitambaa, akakibandika juu ya pampu ya petroli taratibu, kama mtu anayemkanda mgonjwa.

"Si bati, dada," akasema. "Ni Datsun."

"Hata ingekuwa ndege. Wateja wetu wapite wapi?"

"Ngoja kidogo tu. Imepandwa na homa."

"Basi ipeleke hospitali. Hapa ni dukani."

Wapita njia wakaangua kicheko. Sifaeli naye akacheka, kisha akainua uso amwone vizuri huyo anayemkaripia. Akaona msichana wa nywele za yeboyebo, koti la bluu la dukani juu ya gauni la kitenge, kalamu imechomekwa nyweleni, na macho yanayowaka kuliko cheche za wachomeleaji.

"Unaitwa nani, dada mkali?"

"Naitwa Toa-Gari."

"Mimi ni Sifaeli. Sasa, Toa-Gari, mna mpira wa petroli humo ndani?"

"Eva!" Ludovick alifoka kutoka kaunta. Wateja walimwita Mangi, kama wanavyoitwa Wachagga wengi wenye maduka, na Mangi hakupenda kuona pesa ikifukuzwa. "Huyo ni mteja, mama! Mkaribishe!"

Evaresta akavuta pumzi. "Karibu, mteja," akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza kwinini. "Inakufa ukiwa tambarare au ukipanda mlima?"

"Mlimani. Nabeba abiria wa kukodi kutoka Tengeru kupandisha vijijini. Jua likiwaka, katikati ya mlima inazimika. Abiria wanashuka, wananisukuma huku wananitukana."

"Petroli inachemka kwenye bomba kabla haijafika kwenye kabureta. Haina njia ya kurudi. Pampu inasukuma mafuta mengi, injini inakunywa kidogo, mengine yanasimama palepale kwenye joto. Ukiweka bomba la kurudishia, yale yanayobaki yanarudi kwenye tangi, yanapoa, yanakuja tena. Mafuta hayapati nafasi ya kuchemka."

"Nani atanifungia?"

"Mafundi wako kila kona."

"Mafundi nimewachoka. Nataka kulifunga mwenyewe, nyumbani." Akaegemea kaunta. "Shida ni moja tu. Ninapopanga hakuna uwanja."

Mpaka leo Evaresta akiulizwa kwa nini alijibu alivyojibu, anasema ni jua. "Kwa mama, Engutoto," alisema, "uwanja upo."

*

Sifaeli alikuwa mtu wa Meru, Mlutheri wa kule juu kwenye kahawa na migomba. Alifanya kazi kiwandani mjini mpaka kiwanda kilipouzwa kwa wenye mitaji, wafanyakazi wakaambiwa asanteni. Kiinua mgongo chake ndicho kikawa Datsun. Evaresta alikuwa Mchagga wa Kibosho aliyekulia Arusha, Mkatoliki wa kutokosa misa, na alikuwa na binti wa miaka minne, Diana, ambaye baba yake alihamia Mererani kwenye machimbo ya vito akajisahaulisha kwamba ana mtoto.

Basi Jumapili baada ya misa, Datsun ilikuwa inaegeshwa uani kwa mama yake Evaresta, Bi Anjela. Sifaeli anavua shati la ibada, anavaa ovaroli la kiwandani, anaingia chini ya gari. Evaresta anajifunga khanga mbili, anachuchumaa na kumpa spana. Diana anakaa juu ya tairi la akiba akiuliza maswali.

"Anko Sifa, gari linaumwa wapi?"

"Tumboni, mama. Tunaliwekea utumbo mwingine."

"Litalia?"

"Likilia, mama yako atalibembeleza. Mimi mwenyewe nalia kila siku, hajanibembeleza."

"Wewe fanya kazi," Evaresta alisema, lakini shingo ilishapata joto.

Na simu za dukani zikaanza.

"Haloo, duka la spea."

"Naulizia mpira wa petroli."

"Wa kipenyo gani?"

"Wa kumfunga mtu asinikimbie."

"Sifaeli, hii simu ni ya Mangi!"

"Mwambie Mangi nampenda na yeye."

"Shuka kwenye laini, kichaa wewe." Lakini alikuwa akiizungusha waya ya simu kidoleni mpaka Ludovick akohoe.

Walikubaliana namna ya kulifunga lile bomba. Upande wa injini, mpira halisi wa petroli. Kuanzia hapo mpaka nyuma, bomba la chuma, lipite chini ya gari, nje, libanwe kwa vishikizo ili lisitikisike, liingie kwenye shingo ya tangi. Upande wa injini ukakamilika. Kilichobaki ni bomba la chuma, na mzigo wa Mangi kutoka Dar es Salaam ulikuwa umechelewa.

Hapo ndipo Sifaeli alipopata haraka. Binti wa ndugu yake alikuwa anapata kipaimara, ukoo mzima ungekusanyika kwa baba yake mkubwa, Mzee Aminieli, aliyemlea tangu baba yake afariki. Siku hiyo alitaka kumpeleka Evaresta na Diana wakaonekane. Na alitaka kupanda mlima ule bila kusukumwa, kwa sababu Mzee Aminieli alizoea kumwuliza mbele za watu, "Leo umekuja na gari, au gari limekuja na wewe?"

Asubuhi ya kipaimara Datsun ilifika Engutoto ikinguruma vizuri.

"Tayari!" Sifaeli alisema akipiga honi. "Njia ya kurudishia imekamilika."

"Bomba umelipata wapi?" Evaresta aliuliza huku akimfunga Diana ukanda wa gauni. Lilikuwa gauni jeupe la lesi, na soksi za lesi.

"Usijali, mama. Leo acha mwanaume ajisifu."

Alikuwa amependeza, koti la kijivu, tai nyekundu. Evaresta mwenyewe alikuwa na kitenge kipya kilichoshonwa mabega ya kupanda juu, na roho yake ilikuwa nyepesi. Hakuuliza tena.

*

Harufu ilianza walipoiacha lami.

"Sifa, nasikia petroli."

"Nilimwaga kidogo wakati wa kujaza. Fungua dirisha."

Gari lilipanda. Lilipanda vizuri kweli, halikukohoa hata pale lilipozoea kufia, na Sifaeli alikuwa anapiga mluzi. Diana alilala kiti cha nyuma. Harufu ikazidi.

"Sifa, simama tuangalie."

"Tumefika, mpenzi. Ile migomba pale ndiyo kwetu. Nisimame hapa wanione nimesimama?"

Wakaingia uani. Turubai limefungwa, kwaya inaimba, akina mama wanapakua loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, kwenye mabeseni. Watu wakapiga vigelegele kuona Datsun imefika yenyewe. Sifaeli akashuka kama bwana harusi.

Evaresta alifungua mlango wa nyuma amwamshe mtoto. Diana hakuamka vizuri. Kichwa kililegea, macho yakafunguka nusu, kisha akatapika juu ya lesi yake. Evaresta alipomnyanyua akakuta gauni limelowa nyuma, na haukuwa mkojo. Akamweka begani, akauinua mto wa kiti kwa mkono mmoja.

Chini yake ulikuwa umelala mpira mweupe wa kuonea ndani, ule ambao mafundi waashi wanautia maji kupimia usawa wa ukuta. Ulikuwa umevimba na kulainika kama utumbo wa kuku. Ncha yake ilikuwa imechomoka kwenye klipu, na petroli ilikuwa inatiririka sakafuni, mahali mwanawe alipolala.

Na wakati huohuo kivuli kikaziba dirisha la upande wa pili. Mzee Aminieli, ndani ya koti lake la sufu, alikuwa ameinama kumchungulia mtoto wa mgeni. Midomoni alikuwa na sigara inayowaka.

"Karibuni, karibuni. Huyu ndiye mjukuu?"

Evaresta hakuamkia. Alijitupa juu ya kiti, akanyoosha mkono dirishani, akamnyofoa mzee sigara mdomoni, akairusha mbali, kwenye beseni la maji ya kuoshea vyombo.

Kwaya ikakatika katikati ya ubeti.

"Yesu wangu!" mwanamke mmoja alisema. "Amempora mzee sigara!"

"Ndiye huyo Mchagga wake?"

"Hajaamkia hata! Shikamoo imemshinda!"

Mzee Aminieli alikuwa ameushika mdomo wake kama aliyepigwa kofi. Wajukuu walikuwa wanamtazama. Wageni wa kanisani walikuwa wanamtazama.

Evaresta alitoka garini, Diana begani. Angeweza kusema mwenyewe. Lakini gari lilikuwa la Sifaeli, ukoo ulikuwa wa Sifaeli, na hata katika hofu ile alitaka kumwachia heshima ya kulisema kwa kinywa chake. Akamgeukia.

"Waambie."

Sifaeli alikuwa ameuona mpira. Uso wake ulikuwa umekwisha rangi. Akamtazama baba mkubwa, akawatazama wale waliokuwa wanamshangilia punde tu.

"Waambie, Sifaeli."

"Eva," alisema polepole, macho chini. "Tutaongea baadaye."

Alimsubiri. Alimpa nafasi ambayo mtu angeweza kusema sentensi nzima ndani yake. Hakusema. Basi Evaresta akavua viatu vya kisigino, akavishika mkononi, akateremka ule mlima miguu wazi na mtoto mgongoni, huku nyuma sauti zikimsindikiza: jeuri, hana adabu, kazaa nyumbani, unategemea nini? Pikapu ya ndizi ndiyo iliyomwokota njiani.

*

Paja la Diana lilibabuka, likatoa malengelenge. Nesi wa zahanati alilisafisha, akauliza, "Petroli imemfikaje mtoto hapa?" Evaresta akajibu kwamba gari lilivuja. Hata kwa mama yake alisema hivyohivyo, gari lilivuja, wakarudi. Mengine aliyafunga kifuani, yakachemka humo.

Simu zikalia dukani.

"Haloo, naulizia chujio la Datsun."

"Yamekwisha."

"Na plagi?"

"Zimekwisha."

"Eva, tafadhali. Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyekwisha kwanza." Akaubamiza mkono wa simu mpaka Ludovick akaruka.

"Mama, utanivunjia simu!"

"Nunua nyingine, Mangi!"

Ludovick akarudi kuhesabu bolti zake kimyakimya. Hakuwahi kujibiwa hivyo na mfanyakazi, lakini aliuona ule uso akaona ni heri anyamaze.

Wiki ile ilipokuwa inakatika, jioni jua bado lipo, Sifaeli alifika Engutoto kwa miguu. Amevaa shati jeupe, amenyoa, na mikononi, kwa viganja vyote viwili, amebeba jani refu la isale.

Bi Anjela alikuwa anachambua mchele barazani. Alipoliona lile jani akasimama, akapangusa mikono kwenye khanga. Kwao Kibosho mtu akikuletea isale kuomba msamaha, hukatai. Hata awe amekukosea nini, unapokea, na neno limekwisha. Kule Meru nako wanalijua.

"Bi Anjela, shikamoo."

"Marahaba, baba. Eva! Njoo."

Evaresta alitoka ndani. Akaliona jani. Akamwona mama yake anavyomtazama, kwamba pokea, mwanangu. Na hasira aliyokuwa nayo ikapata sura mpya.

"Umelichuma wapi?"

"Mpakani, shambani kwetu. Eva, nimekosa. Nimekuja kwa njia ya wazee."

"Na umeshawaambia wazee wenyewe?"

Akaligeuza lile jani viganjani.

"Nakuuliza! Umewaambia kwa nini nilimpora baba yako mkubwa sigara?"

"Nitawaambia. Nilitaka kwanza mimi na wewe tupatane, halafu—"

"Halafu nini? Nikishapokea hilo jani nitakuwa na mdomo gani wa kukudai? Unajua kabisa sisi hatukatai. Ndiyo maana umelileta. Hukuja kuomba radhi, umekuja kunifunga kinywa, tena kwa kamba ya kwetu wenyewe!"

"Eva!" Bi Anjela alishtuka. "Hili halikataliwi, mwanangu. Utatuletea mkosi nyumbani."

"Mama, njoo uone." Akamwita Diana, akapandisha gauni kidogo, bandeji ikaonekana. "Huyu aliweka mpira wa fundi mwashi chini ya kiti cha mjukuu wako. Mzee wao akaingiza sigara inayowaka dirishani. Nikaipora. Wakaniita jeuri, wakaniita mzaa nyumbani, mbele ya kanisa zima. Na huyu alikuwa amesimama pale na tai yake nyekundu, anajua kila kitu, akanyamaza!"

Bi Anjela alikaa chini. Ungo wa mchele ukamteleza magotini. Akamgeukia Sifaeli.

"Kweli, baba?"

"Kweli, mama."

"Waliposema mzaa nyumbani, ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Chukua jani lako," Bi Anjela alisema. "Sijawahi kumwambia mtu hivi tangu nizaliwe. Lichukue, uondoke nalo."

Sifaeli alisimama na lile jani kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga na hajui kumshika. "Eva, nilihofia. Yule mzee ndiye aliyenilea. Akijua kwamba nusura nimwunguze kwa ajili ya kuringa tu..."

"Ulimwogopea yeye. Mwanangu je, nani alimwogopea? Ulijua mpira ule si wa petroli?"

"Nilijua. Nilisema ni siku moja tu."

"Basi nenda ukaseme hivyohivyo. Palepale, mbele ya walewale. Kabla ya hapo, mimi na wewe hatufahamiani."

*

Simu iliyofuata haikuwa ya Sifaeli. Ludovick alimpa mkono wa simu akiwa ameuziba kwa kiganja. "Mzee. Anaunguruma."

"Haloo?"

"Mimi ni Aminieli. Wewe ndiye yule binti wa sigara?"

"Shikamoo, mzee."

"Kumbe unaijua! Sasa sikiliza. Kijana wangu hali, halali, anataka kukuoa. Jumapili tunakaa kikao cha ukoo. Uje na mkubwa wako uombe radhi, tuone kama utafaa. Mimi sina makuu. Useme tu umekosa."

Damu ilimpanda Evaresta mpaka masikioni. Kumbe bado hajasema! "Nitakuja, mzee," akajibu. "Nitakuja, na nitayasema ninayoyajua."

"Jeuri!" mzee alisema, akakata.

Walikwenda, yeye na Bi Anjela, kwa gari la kukodi la mtu mwingine. Evaresta alivaa kitenge kilekile cha mabega ya kupanda juu. Uani walikuwepo walewale: wazee kwenye viti vya mbao, akina mama kwenye mkeka, na wanawake wawili, wale waliokuwa wamemwita mzaa nyumbani, wamekaa mbele kabisa. Datsun ilikuwa imeegeshwa pembeni, milango wazi. Sifaeli alikuwa amesimama kando yake na ovaroli la kazi, hana koti wala tai.

Wakasalimiana. Mzee Aminieli akagonga fimbo chini. "Binti, neno ni lako."

Evaresta akasimama. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Engutoto, makali yote, kwa mstari. Alifungua kinywa.

"Baba mkubwa," Sifaeli alisema, "samahani. Neno si lake. Ni langu."

"Wewe nyamaza, anayeomba radhi ni—"

"Ni mimi!" Ilimtoka kwa kelele. Hakuna aliyewahi kumsikia Sifaeli akimpandishia mzee yule sauti. Akainama ndani ya gari, akaung'oa mto wa kiti cha nyuma, akaubeba mpaka miguuni pa mzee, akauweka. "Nusa, baba mkubwa."

"Ninuse kiti?"

"Nusa."

Mzee akainama akinung'unika. Akanusa. Akarudisha kichwa nyuma.

"Petroli."

"Siku ya kipaimara mto huu ulikuwa umelowa petroli mbichi, na Diana alikuwa amelala juu yake. Niliweka mpira wa kupimia usawa badala ya bomba la chuma. Nilijua kwamba haufai. Nilitaka tu nifike hapa bila kusukumwa, msinicheke. Ukaja na sigara dirishani. Eva hakukuvunjia heshima. Angechelewa kidogo tu, tungekuzika wewe, na mtoto, na yeye mwenyewe. Akaniambia, waambie. Sikusema. Mkamtukana, nikawaacha. Mtoto amebabuka paja. Hayo ndiyo niliyoyafanya."

Wale wanawake wawili wa mbele walianza kuangalia mkeka.

Mzee Aminieli alisimama polepole. Alikwenda mpaka kwenye Datsun, akaipiga fimbo juu ya paa, ikalia kama debe. Akaipiga tena.

"Mimi!" alifoka. "Mimi nilisimama ibadani, Sifaeli! Nikaomba usharika mzima uombe, uokolewe kutoka kwa mwanamke jeuri! Mchungaji akaomba! Kwaya ikaomba! Sasa nikamwambie nini mchungaji?"

"Mwambie sala imejibiwa," Bi Anjela alisema kwa ukali. "Jeuri amepatikana. Ni kijana wako."

Mtu alicheka kwenye kona, akajizuia. Mzee akamgeukia Evaresta, bado anahema.

"Na wewe! Kwa nini siku ile hukusema?"

"Kwa sababu lilikuwa la kwake kusema, mzee. Nilimwachia. Kama asingelisema leo, ningelisema mimi, kisha msingeniona tena."

Mzee hakuomba radhi, hakuwa mtu wa hivyo. Alisogeza tu kiti chake cha mbao, kile chenye mto, akampa ishara akalie. Kisha akawageukia wale wanawake wawili. "Nyinyi, mpeni mgeni chai. Na mwombeni radhi mkiwa mmesimama, si mkiwa mmekaa."

Evaresta hakukaa. Alikwenda kwenye gari. Akapiga magoti na kitenge chake kizuri, akachungulia chini. Bomba la chuma lilikuwa limelala pale, jipya, nje ya gari, limebanwa kwa vishikizo kutoka injini mpaka shingo ya tangi. Akalishika kwa vidole, akalitikisa. Halikucheza. Akajinusa vidole. Havikunuka kitu.

"Bomba nilinunua duka jingine," Sifaeli alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini. "Niliogopa kuja kwenu."

"Ulifanya vizuri. Ningekuuzia bovu."

"Eva."

"Bado nina hasira."

"Najua."

"Hujui. Nikimwogesha Diana, nikiliona lile paja, nakuwa na hasira upya. Itakuwa hivyo kwa muda mrefu. Sitajifanya imekwisha ili watu wapige vigelegele."

"Sitakuomba ujifanye."

Alimtazama. Ovaroli lilikuwa na grisi mpaka kolani, na macho yake hayakuwa chini. Yalikuwa yamesimama usoni kwake, yanasubiri, mbele ya ukoo mzima. Na Evaresta aliona, kwa hasira zaidi, kwamba bado anampenda.

"Kama una swali la kuniuliza," alisema, "niulize sasa, hapahapa, wote wasikie. Sitaki la pembeni."

Sifaeli akapangusa mikono kwenye ovaroli. "Evaresta, binti Anjela. Utakubali kuolewa na mimi? Na Diana awe wangu?"

"Diana ataulizwa mwenyewe. Mimi nakubali." Akina mama wakavuta pumzi kwa ajili ya vigelegele, akawanyooshea kiganja. "Lakini sikiliza. Siku utakayoninyamazia tena, hata kwa jambo dogo, hata kwa sababu ya baba yako mkubwa, au mchungaji, au rais wa nchi—"

"Nimesikia, mpenzi."

"Sijamaliza."

Sifaeli akauvuta mto wa kiti uliokuwa miguuni pa mzee, akaukalia palepale mavumbini, mikono magotini. Evaresta akaendelea. Alisema kuhusu mlima alioshuka miguu wazi, kuhusu nesi aliyemwuliza, kuhusu jani. Chai ilipoa kwenye vikombe, na hakuna aliyemkatisha mpaka alipomaliza.